MTOTO SOKONI: SI FIMBO WALA PIPI

Yeyote apitaye katika masoko ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam siku za mwisho wa mwezi, iwe Tandika, Temeke Sterio au Mbagala Rangi Tatu, iwe Tandale, Magomeni au Mwananyamala, hakosi kuliona jambo moja ambalo limezoeleka mno hata haliwashangazi watu tena. Mtoto wa miaka mitatu ameketi chini katikati ya njia. Ameuponyoka mkono wa mama yake na analia kwa sauti kuu kwa sababu amenyimwa gari la plastiki au pakiti ya juisi. Mama ana kikapu cha nyanya mkononi na mtoto mchanga mgongoni. Nyuma yake mkokoteni unataka kupita, na mwenye mkokoteni anapaza sauti. Wauzaji wanatazama, wengine wanacheka. Baada ya dakika mbili au tatu hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama mtoto huchapwa makofi mbele za watu, ama hununuliwa kile alichokililia ili anyamaze. Kisha safari huendelea, na kila mtu huamini kwamba jambo limekwisha.

Kwa hakika jambo hilo halijaisha, bali ndiyo kwanza linaanza. Mtoto aliyechapwa amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na kwamba aibu ya mtu mzima hulipwa na mwili wa mtoto. Mtoto aliyenunuliwa amejifunza kwamba neno "hapana" la mzazi wake lina bei, na bei yenyewe ni kelele. Hakuna taifa linaloweza kujivunia raia waliolelewa juu ya mojawapo ya misingi hiyo miwili. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya akina mama na vikapu vyao, yasiyostahili nafasi katika gazeti. Lakini watumishi wa umma wanaolalamika kila siku juu ya watu wasiotaka kusubiri zamu yao dirishani, na walimu wanaolalamika juu ya wanafunzi wasioweza kusikia neno la kukatazwa, yafaa wajiulize ni wapi tabia hizo zilipopandwa. Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sehemu kubwa ya malezi hayo haifanyiki katika mikutano wala semina, bali njiani, katika daladala na mbele ya meza ya muuza vitunguu.

HALI YA MTOTO

Kabla ya kumhukumu mtoto yafaa kwanza kumwelewa. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne yumo katika umri ambao matakwa yake yamekua kuliko maneno yake. Anajua anachokitaka, lakini hajui kukieleza vizuri, wala hajui kungoja. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humwezesha mwanadamu kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, huchukua miaka mingi kukomaa, na haikamiliki mpaka mtu amepita umri wa miaka ishirini. Kumtaka mtoto wa miaka mitatu ajizuie kama mtu mzima ni kumdai deni ambalo hajawahi kukopa.

Tena soko si mahali pepesi kwake. Urefu wake hauizidi sana meza ya muuza nyanya. Wakati mama yake anaona bidhaa, nyuso na mwanga, yeye huona miguu, matope, magunia na mikia ya mbuzi. Jua la saa saba linampiga, kiu imemshika, na usingizi wa mchana umempita. Amevutwa mkono kwa muda wa saa mbili bila kuelezwa waendako wala watakaporudi. Katika hali hiyo aghalabu gari la plastiki siyo sababu ya kilio, bali ni mahali tu ambapo uchovu wake umepata mlango wa kutokea. Mzazi anayelitambua jambo hili amekwisha kupata nusu ya dawa, kwa maana atatafuta maji na kivuli kabla ya kutafuta fimbo.

ZAMANI DUKA, LEO MZAZI

Watu wazima wengi wa leo hupenda kusema kwamba watoto wa zamani hawakuwa na tabia hii. Maneno haya yanahitaji kupimwa. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, biashara ya rejareja vijijini ilitolewa mikononi mwa watu binafsi na kukabidhiwa maduka ya ujamaa na ya ushirika. Miaka michache baadaye, kufuatia vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, bidhaa ziliadimika nchini kote. Sukari, sabuni, unga na khanga zilipatikana kwa foleni. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kuanzia mwaka 1984 milango ya kuingiza bidhaa kutoka nje ikaanza kufunguliwa hatua kwa hatua.

Watoto wa miaka ile waliijua foleni. Wengi walitumwa alfajiri kushika nafasi, wengine wakaweka kikapu au jiwe kuwakilisha nyumba yao. Hawakulilia gari la plastiki kwa sababu gari lenyewe halikuwapo. Haikuwa adabu iliyopita kiasi. Rafu ilikuwa tupu, na hakuna mtoto anayelilia asichokiona. Isitoshe, hakuna mwenye akili timamu anayetamani watoto wasimame tena gizani kwa ajili ya kipande cha sabuni.

Lililobadilika ni hili: zamani duka ndilo lililosema hapana, na leo mwenye kusema hapana ni mzazi. Soko limejaa, lakini pochi haikujaa kwa kiasi kile kile. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, na kila mtaa una genge lake, duka lake, machinga wake, na muuza askirimu wa baiskeli anayepita na muziki wake saa ile ile watoto wanapotoka chekechea. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006 ilileta katika Barabara ya Sam Nujoma vitu ambavyo mtoto wa Tandale huviona kwa macho kila apitapo, lakini havimo katika hesabu ya mzazi wake. Kazi ya kukataa, ambayo kizazi kilichopita hakikulazimika kuifanya mara kwa mara, leo hufanywa kila siku na watu ambao hawakufundishwa jinsi ya kuifanya.

Jambo la pili lililobadilika ni nyumba. Katika nyumba ya kupanga ya vyumba sita iliyokuwa kawaida Magomeni, Temeke na Keko, mama alipokwenda sokoni alimwacha mtoto ukumbini kwa jirani au kwa bibi. Leo familia nyingi zimesogea Bunju, Mbagala Chamazi na Kivule, mbali na ndugu, na jirani naye yuko kazini. Mtoto anakwenda sokoni kwa sababu hakuna wa kuachiwa. Kwa hiyo haifai kumlaumu mama kwa kumleta. Linalofaa ni kumsaidia ajue la kufanya akishamleta.

AIBU YA UMASKINI

Lipo jambo ambalo halisemwi waziwazi. Makofi mengi yanayopigwa sokoni hayatokani na hasira juu ya mtoto, bali na aibu. Mama aliyeondoka nyumbani na shilingi 10,000 kwa ajili ya chakula cha siku mbili amekwisha kupanga kila senti: unga, mchicha, dagaa, mafuta ya kupima, na nauli ya kurudi. Mtoto anapolia mbele ya meza ya vitu vya kuchezea, anaitangaza hali ya nyumba yao mbele ya watu wasiowajua. Muuzaji anasema, "Mama, mnunulie basi mtoto, elfu mbili tu hii." Neno hilo "tu" ndilo linalochoma. Mama hawezi kumjibu muuzaji kwamba elfu mbili hana, kwa hiyo anamjibu mtoto, na kumjibu kwenyewe ni kwa mkono.

Hapo ndipo inapopasa kusema wazi kwamba kutokuwa na fedha za gari la plastiki si aibu. Aibu ni kumfundisha mtoto kwamba utu wa mtu hupimwa kwa kile anachoweza kukinunua mbele za watu. Nchi hii ilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 ikasema kwamba binadamu wote ni sawa. Sera za uchumi zimebadilika tangu wakati huo, lakini imani hiyo ya usawa ingali ndani ya Katiba ya Chama na ya nchi. Mzazi anayemwambia mtoto wake kwa sauti ya kawaida, bila kuinamisha uso, "Mwanangu, leo fedha hii ni ya unga na mboga," anatenda jambo la heshima, na hana haja ya kumwangalia muuzaji wala mpita njia.

BABA NA MWISHO WA MWEZI

Lawama ya jambo hili huwaangukia akina mama, ilhali sehemu kubwa ya mzizi wake iko kwa akina baba. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mambo huenda hivi: mshahara ukitoka, baba humchukua mtoto Jumamosi na kumpeleka matembezini. Humnunulia chipsi, soda, puto na kitu cha kuchezea. Hununua kila kinachoonyeshwa kwa kidole, kwa maana kwa mwezi mzima alikuwa akitoka alfajiri na kurudi usiku, na sasa anataka kulipia kutokuwapo kwake. Mtoto anafurahi, na baba anasifiwa kuwa ana mkono mkunjufu.

Ikifika tarehe 15, fedha zimepungua, na anayekwenda gengeni na mtoto ni mama. Mtoto yule yule anaonyesha kwa kidole kama alivyozoea, na mama anakataa. Mtoto hajui habari za tarehe wala mshahara. Anachokijua ni kwamba baba hutoa na mama hunyima. Anapolia na kujitupa chini, baba huambiwa jioni, naye hujibu, "Huyo umemdekeza mwenyewe." Jibu hilo si la haki. Aliyemfundisha mtoto kwamba kila kinachoonyeshwa hununuliwa ni baba mwenyewe, siku ile ya Jumamosi.

Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi. Hatua hiyo ilipokewa kwa furaha na kwa haki. Walakini nyongeza ya mshahara haiwezi kuondoa kasoro hii ikiwa kila nyongeza itaongeza tu yale yanayonunuliwa katika juma la kwanza. Linalotakiwa ni baba na mama kuwa na neno moja. Wakubaliane kabla ya kutoka nyumbani, mwisho wa mwezi kama katikati yake, kwamba mtoto atapata kitu kimoja kidogo au hatapata, na yeyote atakayekwenda naye asilibadilishe neno hilo. Pia ni vema baba aende sokoni na mtoto tarehe 20, akajionee mwenyewe.

WAUZAJI NAO

Wafanyabiashara hawawezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Vitu vya watoto huning'inizwa penye lango la soko, kwa kimo kile kile cha macho ya mtoto. Wapo wanaomkabidhi mtoto kitu mkononi kabla mzazi hajasema lolote, wakijua kwamba kumnyang'anya kutazusha kilio. Wapo wenye maduka ambao, wakikosa chenji ya shilingi 50 au 100, humpa mtoto pipi badala yake bila kumwuliza aliyemleta. Pipi hiyo huonekana ni hisani, kumbe ni fedha ya mteja, na ni desturi inayomfundisha mtoto kudai pipi kila aingiapo dukani.

Tatizo hili si la Dar es Salaam peke yake. Huko Uingereza, katika sehemu yake ya England, serikali iliona ni lazima kuingilia kati kwa sheria: tangu Oktoba 2022 maduka makubwa yamekatazwa kuweka vyakula vyenye sukari na mafuta mengi karibu na mahali pa kulipia na penye milango. Sababu yake ni hiyo hiyo inayojulikana kwa kila mama wa Mbagala, yaani kwamba mtoto aliyechoka hukaribia mahali pa kulipia akiwa hana tena uwezo wa kusikia neno hapana. Haitarajiwi kwamba halmashauri zitatunga sheria ya namna hiyo kwa ajili ya magenge. Lakini muuzaji ni mzazi pia, na akirudi nyumbani hukutana na kilio kile kile. Ni haki kumtaka amwulize mzazi kabla ya kumpa mtoto kitu, na atoe chenji kwa fedha.

YAFAAYO KUTENDWA

Mambo yanayofaa ni machache na hayahitaji fedha. La kwanza ni wakati. Mzazi mwenye nafasi ya kuchagua aende asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, wala si saa saba mchana. Asiye na nafasi ya kuchagua abebe walau chupa ya maji na kipande cha muhogo au ndizi kutoka nyumbani. Mtoto mwenye kitu mdomoni hashawishiki upesi na cha dukani.

La pili ni maneno kabla ya safari. Mtoto aelezwe kabla ya kuvuka kizingiti: wanakwenda wapi, watanunua nini, na yeye atapata nini au hatapata. "Tunakwenda Tandika. Tutanunua unga, nyanya na samaki. Leo hatununui vitu vya kuchezea." Maneno matatu kama haya mtoto wa miaka mitatu huyaelewa, na akiyasahau hukumbushwa bila hasira.

La tatu ni kazi. Mtoto asiye na kazi sokoni ni mzigo, lakini mwenye kazi ni msaidizi. Apewe kikapu kidogo chenye vitunguu viwili. Ahesabu nyanya za fungu moja. Aulizwe lipi ni bichi na lipi limeiva. Akabidhi fedha kwa muuzaji na apokee chenji chini ya macho ya mama. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vikapu vimerudi mikononi mwa watu, na hakuna sababu ya mtoto kukosa chake. Anayefanya kazi hiyo hujifunza hesabu na adabu kwa pamoja, na hujiona ni mtu miongoni mwa watu.

La nne ni neno kusimama. Mzazi akikwisha kusema hapana, na iwe hapana, hata mtoto akilia mpaka mwisho wa soko. Na akikwisha kusema "tukimaliza nitakununulia kashata," kashata inunuliwe, kwa kuwa ahadi ni deni, na deni kwa mtoto ni zito kuliko deni kwa mtu mzima. Mtoto anapoangua kilio, mzazi amsogeze pembeni mwa njia, ainame mpaka uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, amwambie kwa sauti ndogo kwamba ameelewa alichokitaka lakini hakitanunuliwa, kisha angoje. Kilio kisicholipwa huchoka chenyewe. Mara ya kwanza kitachukua muda mrefu, na mara ya tano hakitakuwapo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, wala hawakusema kwamba njia ya kutomchelea ni kumpiga.

La tano ni usalama. Soko ni mahali pa bodaboda, mikokoteni na umati, na mtoto aliyekasirika hukimbia. Kila mtoto wa miaka mitatu na kuendelea afundishwe jina lake kamili, majina ya wazazi wake, mtaa wake na jina la mjumbe wa shina lao, na anayeweza afundishwe namba ya simu ya mzazi. Aelezwe kwamba akipotea asimame pale pale, amwambie mama muuzaji aliye karibu. Wakubwa nao wajue kwamba namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto na hupigwa bila malipo.

SUALA LA FIMBO

Hapana shaka wapo watakaopinga. Watasema, samaki mkunje angali mbichi. Kwamba wao walichapwa na wakawa watu. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa kwa sababu wanaoisema wana nia njema, lakini haiwezi kusimama. Anayekunja samaki mbichi hutumia vidole taratibu. Akitumia nyundo, samaki hupasuka. Na waliochapwa wakawa watu, walikuwa watu pia kwa sababu ya bibi waliowasimulia hadithi, jirani waliowapa chakula na walimu waliowajali. Hakuna ajuaye kwamba ni fimbo iliyofanya kazi hiyo.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na inaeleza kwamba marekebisho yasiyolingana na umri wa mtoto, na hali ya mwili na akili yake, hayawezi kuhalalishwa. Mtoto wa miaka miwili aliyechoka jua hana uwezo wa kuelewa sababu ya kofi. Sheria hiyo hiyo inamtaja mtoto kuwa na wajibu pia: kuheshimu wazazi wake na wakubwa, na kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia kadiri ya umri na uwezo wake. Kwa hiyo wanaodai kwamba haki za mtoto zimefuta adabu hawajaisoma. Hata shuleni, ambako viboko vimeruhusiwa kwa kanuni, kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko visivyozidi vinne, kwa amri ya mwalimu mkuu. Itakuwa ajabu kama kijana wa sekondari atakuwa na kinga ambayo mtoto mchanga wa Manzese hana. Sweden ilikataza kuwapiga watoto mwaka 1979, na Kenya iliweka katika Katiba yake ya mwaka 2010 haki ya kila mtu kutopewa adhabu ya viboko. Wala nchi hizo hazikuanguka.

WAJIBU WA JAMII

Mkono mmoja haulei mwana. Mpita njia anayemcheka mama mwenye mtoto anayelia, au anayemwambia "mchape huyo," anaongeza kuni motoni. Bibi anayesema, "Njoo mjukuu wangu, nishikie mchicha wangu huu," amefanya kazi kubwa kuliko hotuba. Desturi ya kila mtu mzima kuwa mzazi wa kila mtoto haijafa katika Temeke na Kinondoni, ila imebakia zaidi katika kukaripia kuliko katika kusaidia.

Walimu wana nafasi ya pekee. Darasa la awali linaweza kuwa na soko la kuigiza, lenye vizibo kwa ajili ya fedha na magunzi kwa ajili ya bidhaa, ambamo watoto hununua, huuza, hukataliwa na hungoja zamu. Mikutano ya wazazi, ambayo mara nyingi huzungumza michango peke yake, itenge nusu saa kuzungumza malezi. Mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua huko Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo haitakuwa na maana ikibakia katika makabrasha ya ofisini. Maafisa ustawi wa jamii wa kata waipeleke pale wazazi walipo, na wazazi wako sokoni.

Halmashauri nazo zina lao. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilionyesha kwamba soko linaweza kujengwa kwa fikra na kwa fahari. Lilipoungua Julai 2021 wananchi walihuzunika kama waliopoteza nyumba. Basi kila soko linalojengwa au kukarabatiwa leo lihesabu kwamba mtoto naye ni mtu wa soko: pawe na benchi lenye kivuli, maji ya kunywa, choo safi ambacho mama anaweza kuingia na mtoto, na mahali pa kutangazia aliyepotea. Kwa akina mama wanaouza humo tangu alfajiri mpaka magharibi, pawe na chumba cha kulelea watoto. Ushuru unakusanywa kwao kila siku, na hiki si kitu kikubwa kudai.

Hatimaye, Umoja wa Wanawake na Jumuiya ya Wazazi zina matawi katika kila kata, na wajumbe wa mashina wanaijua kila nyumba. Jumuiya hizo hazikuundwa kwa ajili ya kampeni na mapokezi ya viongozi peke yake. Zikiwakutanisha akina baba na akina mama wa mtaa mmoja Jumapili moja tu kwa mwezi, wakaulizana jinsi ya kumwambia mtoto hapana bila kumpiga na bila kumhonga, zitakuwa zimefanya kazi ya Chama kwa maana yake halisi. Mtoto anayefahamu leo, mbele ya meza ya muuza nyanya, kwamba fedha ina mipaka, kwamba neno la mzazi ni neno, na kwamba hata akikataliwa bado anapendwa, kesho hatampokea mwananchi dirishani kwa ukali, wala hatadai chai ili atimize wajibu wake. Udongo uwahi ungali maji.